Mzigo Unaozidi Chupa ya Maji

Baada ya vikao kumi na saba na warsha mbili za kujenga uwezo, Mamlaka ya Pamoja ya Njia Zisizo na Magari iliwatangazia wananchi wote wa Meru na Embu kwamba njia ya msitu wa Kiathari, ambayo haijawahi kupitwa na gari tangu Mungu aumbe matope, kuanzia siku hiyo haitapitwa na gari. Wananchi walipiga makofi. Hawakuwa wameelewa sana, lakini mwenye kipaza sauti aliwaambia wapige.

Mkurugenzi wa Mamlaka, Bwana Kivuti, alikuwa mtu wa mtaa wa Dallas, pale Embu mjini. Alivaa suti ya rangi ya chai ya maziwa, na muhuri wa ofisi aliutembeza katika mfuko wa koti kama wengine watembezavyo leso. Aliamini kwamba muhuri ukilala ofisini serikali nayo imelala. Siku hiyo alieleza kwa kirefu kwamba huko Ujerumani kuna vilima vifupi vyenye misitu kama hivi vyetu, na watu wazima wenye akili timamu huvipanda kwa baiskeli za matairi manene, juu ya changarawe, kutwa nzima, bila kupeleka chochote popote. Watu hao sasa wangekuja Kiathari. Walitaka jambo moja tu kabla ya kuipa njia cheti chao: uthibitisho kwamba kwa siku tisini mfululizo hakuna gari lililoingia.

Ruguru alikuwa amesimama nyuma kabisa, ameegemea baiskeli yake. Bila kupeleka chochote popote. Aliwaonea huruma.

Alikuwa na miaka ishirini na sita. Yeye na shule waliachana darasa la nane, na nani alimwacha mwenzake ni habari inayotegemea umemuuliza nani. Alikuwa mtu wa kutazama. Angeweza kumtazama ng'ombe anayekataa kushusha maziwa mpaka ng'ombe mwenyewe aone haya. Kila alfajiri alifunga mitungi miwili kwenye keria ya blakimamba, baiskeli nzito ya chuma aliyoachiwa na babake, mtungi wake na wa jirani yake, Mama Veronicah, mjane mwenye goti bovu, akateremka nayo msituni kilomita saba mpaka langoni kwenye lami. Toka hapo ilibaki kilomita mbili kufika kituo cha maziwa, ambako lori la kiwanda huondoka saa mbili kamili. Lori hilo halimngoji hata padri. Ukichelewa mara moja unaandikwa. Mara ya pili unaandikwa kwa wino mwekundu. Mara ya tatu jina lako linakatwa daftarini, na maziwa yako utayauza kwa nani, huko juu ambako kila boma lina ng'ombe? Ruguru na Mama Veronicah walikuwa na namba moja. Likikatwa jina moja, yamekatwa yote mawili.

Mpaka hapo Ruguru alikuwa hajawahi kuchelewa.

Siku ya pili baada ya sherehe alilikuta lango limejengewa kizuizi, na kando ya kizuizi amekaa Njue juu ya kiti cha plastiki, na daftari magotini. Njue alisoma naye darasa moja. Sasa alikuwa na kofia.

"Ruguru," alisema Njue kwa upole, "hiyo ni lori."

"Wapi?"

"Hiyo umeshika."

Ruguru aliitazama baiskeli yake. Njue akamsomea Kanuni ya Saba, ambayo alikuwa ameikariri kama alivyokariri zamani Baba Yetu: chombo chochote cha magurudumu kilichobeba mzigo unaozidi chupa ya maji ni gari la mizigo. Baiskeli isiyo na mzigo ni baiskeli ya starehe, na inakaribishwa kwa mikono miwili.

"Sawa," alisema Ruguru. "Nishapita kilomita zote saba. Fungua nitoke."

"Nikufungulie aje? Ukitoka hapa, nitaandika lori limepita. Ukirudi ulikotoka, hakuna kitu kimepita. Wacha nikusaidie kugeuza."

"Njue, maziwa."

"Mimi sina shida na maziwa. Shida yangu ni sifuri."

Alimwonyesha daftari. Ukurasa ulikuwa na safu nne. Tarehe. Idadi ya magari: sifuri. Sababu: hakuna gari. Hatua iliyochukuliwa: tumeendelea kutokuwa na gari. Chini yake palikuwa na sahihi ya Njue, nzuri, yenye mkia.

Ruguru alirudi juu. Maziwa yaliganda. Kituoni wakamwandika.

Kesho yake alizunguka kwa lami, kilomita ishirini na mbili za kupanda na kushuka, magari ya miraa yakimpita kama yanafukuzwa na nyuki. Alifika saa mbili na dakika tisa. Wakamwandika kwa wino mwekundu. Maziwa ya siku hizo mbili aliyanywa ndama, mpaka siku ya tatu ndama akaanza kuyakataa.

Basi siku hiyo, ambayo lori la kiwanda halikuwa na zamu, Ruguru alipanda gari akaenda Embu kumwona mkubwa mwenyewe. Alingoja toka asubuhi mpaka watu wakarudi kutoka chakula cha mchana, kisha akangoja tena, bila kukohoa, bila kutazama saa, mpaka karani akaingiwa na wasiwasi akamwingiza. Bwana Kivuti alimpokea vizuri. Alimwita mdau. Alimweleza kwamba Mamlaka haimchukii mwananchi mwenye mzigo, ndiyo maana ilichapisha Fomu Namba Tisa, Kibali cha Mzigo, na hii hapa, achukue, ni bure. Fomu hiyo hutiwa sahihi na Mkurugenzi peke yake. Na kwa kuwa Mamlaka inapiga vita mambo ya gizani, Mkurugenzi hataitia sahihi ofisini. Ataitia sahihi mahali penyewe, msituni, baada ya kuuona mzigo kwa macho yake.

"Na mheshimiwa unakuja lini msituni?" aliuliza Ruguru.

Bwana Kivuti alicheka kama mtu aliyeulizwa mkewe atashika mimba lini.

"Ratiba, mama. Ratiba."

Ruguru alisema asante. Alipofika nyumbani aliikunja fomu mara nne, akaitia ndani ya mfuko wa unga uliooshwa, akaufunga mfuko kwenye fremu ya baiskeli. Alipokuwa akiisoma ndani ya gari alikuwa ameona maandishi madogo chini kabisa, yaliyopitishwa na kikao cha kumi na moja: mizigo itapakiwa kwa kufuata orodha. Aliyasoma mara tatu kwa sababu yalikuwa madogo, si kwa sababu alidhani yana kazi.

Kuanzia hapo alifanya hivi. Mtungi mmoja aliubeba mgongoni kwa mukwa, ule mkanda wa ngozi ambao mamake alibebea kuni, mkanda kwenye paji la uso, na huku anasukuma kando yake baiskeli tupu. Mtu anayetembea hana magurudumu. Baiskeli isiyo na mzigo ni starehe. Akifika langoni, Njue alisimama, akavua kofia, akaandika katika ukurasa wa wageni: baiskeli moja ya starehe, mtalii Ruguru. Hatua mbili nje ya kizuizi mtalii aliufunga mtungi kwenye keria, akanyonga pedali kuelekea kituoni. Alikuwa anaondoka nyumbani kabla jogoo hajaamua, na alikuwa anafika dakika chache kabla ya lori kuwaka. Alama ikaonekana kwenye paji lake, kama ya mamake.

Mtungi wa Mama Veronicah ulibaki. Mgongo ni mmoja. Mjane aligawa maziwa kanisani, na chai ya kwaya ikawa nyeupe kama kanzu ya padri, wanakwaya wakanenepa, sauti ya tatu ikapotea kabisa. Hakulalamika. Alisema tu jioni moja, akiwa ameshika ua wa Ruguru, "Mwanangu, mara ya tatu ikifika, usinifiche."

Mamlaka nayo haikulala. Iligundua kwamba njia ya baiskeli za changarawe haina changarawe. Zikaletwa tani kadhaa kwa lori. Lori lilifika langoni, na Njue akalizuia kwa sababu ni lori. Dereva alipiga simu Embu, Embu ikafurahi sana kuona mfumo unafanya kazi, na changarawe yote ikamwagwa hapo nje ya kizuizi. Likasimamishwa bango: MALI YA NJIA. Mbuzi mmoja wa jirani alihamia juu ya lile rundo na akawa anaonekana kutoka mbali, akitafuna, kama aliyeteuliwa. Ndani ya msitu njia ilibaki vile ilivyokuwa, udongo mwekundu, ambao ukikauka ni matofali na ukinyeshewa ni sabuni.

Siku zikaenda. Sifuri, sifuri, sifuri. Njue alikuwa akiichora kwa upendo.

Usiku wa kuamkia siku ya tisini mvua ilinyesha kidogo. Saa kumi na mbili asubuhi magari matatu yalisimama langoni. La kwanza lilikuwa na Bwana Kivuti. La pili lilibeba hema, viti na spika. La tatu lilikuwa na baiskeli sita za changarawe juu ya paa, mpya, bado na karatasi. Wajerumani wangefika hapo saa mbili kutoa cheti, na Mkurugenzi alitaka kwanza ajionee kwa macho yake kwamba ndani hakuna gari.

Njue alisimama mbele ya kizuizi, kalamu mkononi, jasho likimtoka.

"Mkubwa, haya nitayaandikaje?"

"Yapi?"

"Haya magari."

"Njue," alisema Bwana Kivuti, bila hasira hata kidogo, kama mwalimu mwenye mwanafunzi anayempenda, "gari la ukaguzi si gari. Ni jicho."

Njue aliandika hivyo. Alifungua kizuizi, na macho yakaingia.

Yalikwenda vizuri mpaka katikati ya msitu, pale bondeni. Kwenda mbele ni kupanda. Kurudi nyuma ni kupanda. Mvua ikarudi, safari hii na ndugu zake wote. Jicho la kwanza lilizama mpaka kwenye vitasa vya milango. La pili lilijaribu kulisukuma, likateleza likakaa kiubavu kuziba njia nzima. La tatu lilifunga breki, na hilo ndilo lilikuwa kosa lake.

Ruguru aliwakuta hapo saa moja kasorobo, mtungi mgongoni, baiskeli kando, maji yakimchuruzika puani. Aliona maafisa wanne wakiwa wamesimama kwenye matope wakiwa na viatu vya ofisi, kila mmoja ameinua simu juu kama anayemwonyesha Mungu. Mtandao haukuwapo. Haujawahi kuwapo hapo. Bwana Kivuti alikuwa amekaa kwenye mlango uliofunguliwa, mguu mmoja hewani. Aliposhuka garini alikuwa ameutanguliza mguu ule pasipo na kitu, na kifundo kilikuwa kimevimba kama kiazi kikuu.

Palikuwa hapapitiki. Miti huku, miti kule, magari katikati. Maafisa walimwambia aweke huo mtungi chini asaidie kusukuma. Akasaidia. Walisukuma, wakaimba, wakapakwa tope mpaka kope. Mwisho walipoliyumbisha la pili kidogo upande, ikapatikana nafasi ya mtu na baiskeli kupita. Nafasi ya gari haikupatikana. Ruguru aliuliza saa. Ilikuwa saa moja na dakika ishirini na tano.

Alisimama akapiga hesabu. Langoni, kwa miguu na mzigo, ni karibu saa nzima. Akiwa juu ya baiskeli, mtungi kwenye keria, ni dakika ishirini, na kituoni kumi. Kwa baiskeli angefika. Kwa mgongo, hiyo ndiyo mara ya tatu, na jioni angeenda kwa Mama Veronicah kumwambia.

Bwana Kivuti naye alikuwa anapiga hesabu zake. Aliitazama saa, akatazama baiskeli sita juu ya paa. Maafisa wakatazama chini. Walikuwa wamefuzu warsha ya siku tatu ya kuendesha baiskeli, katika hoteli moja ya Nkubu, lakini ilikuwa warsha ya picha ukutani. Dereva mmoja alisema yeye anajua, atakimbia awaambie wageni wangoje. Mkurugenzi alikataa. Itifaki haimruhusu dereva kumpokea Mjerumani. Na zile baiskeli hazikuwa na keria, kwa sababu zimetengenezwa makusudi zisipeleke chochote popote.

Kisha macho yake yakatua kwenye keria ya Ruguru. Pana, ya chuma, na gunia limekunjwa juu yake.

"Mama," alisema. "Wewe ni yule mdau."

"Ndiye mimi, mheshimiwa."

"Hiyo baiskeli inabeba mtu?"

"Imebeba mpaka jeneza."

"Basi haraka. Nipeleke langoni."

Ruguru alimtazama toka juu mpaka chini, taratibu, kama anavyotazama ndama wa kununua.

"Ningekupeleka, mheshimiwa. Lakini wewe unazidi chupa ya maji."

Afisa mmoja alikohoa. Mvua iliendelea na kazi yake.

"Hii ni dharura," alisema Bwana Kivuti.

"Kweli. Lakini Njue hataangalia hiyo. Atasema ni lori, atatugeuza turudi huku. Mimi alinigeuza."

Njue alikuwa mwajiriwa bora wa mwaka. Mkurugenzi mwenyewe ndiye aliyempa fomu ya pongezi, na ndani yake aliandika kwa mkono wake: hatetereki.

Ruguru aliufungua mfuko wa unga. Fomu Namba Tisa ilikuwa kavu kama siku iliyotoka Embu. Aliilaza kwenye boneti, akaikinga mvua kwa shuka lake.

"Mheshimiwa ulisema mahali penyewe," alisema. "Ni hapa. Na mzigo utauona kwa macho yako. Ni huu, na ni wewe."

Bwana Kivuti aliomba kalamu. Kwenye muda wa kibali aliandika: leo. Ruguru alisimama tu na shuka lake, akimtazama, na matone yakamwangukia Mkurugenzi moja moja shingoni pale shuka lilipoishia. Alifuta leo. Akaandika: wiki moja. Alitazamwa. Alifuta.

"Unataka nini, mama?"

"Siku zote, mheshimiwa. Na watu wote wa huku juu. Ili usisumbuliwe tena kuja msituni."

Aliandika. Kwenye aina ya mzigo kulikuwa na mistari mitatu. Mtungi ulikuwa mbele ya pua yake, na mkono wa afisa huanza na kile anachokiona. Kwenye wa kwanza akaandika: maziwa. Wa pili: mazao mengineyo ya shamba. Kwenye mstari wa tatu kalamu ilisita, ikaandika kwa herufi ndogo: Mkurugenzi. Akatoa muhuri mfukoni, akaupulizia pumzi mara mbili, akaugonga.

Kisha akajiinua kwa mguu mmoja, akamshika afisa bega, akaruka-ruka mpaka kwenye baiskeli, na kugeuza mgongo tayari kukaa.

Kwenye keria alikuta mtungi. Ruguru alikuwa anamalizia kuufunga kwa mpira wa tyubu.

"Nini hii?"

Ruguru alimwonyesha kidole chini kabisa ya fomu, penye maandishi madogo: mizigo itapakiwa kwa kufuata orodha. Bwana Kivuti alikunja uso kuyasoma. Alikuwa mwenyekiti wa kikao cha kumi na moja, na yalikuwa yamepita bila kupingwa.

"Nitakurudia," alisema Ruguru. "Maziwa ndiyo huharibika, mheshimiwa. Wewe utakaa."

Akapanda, akaondoka. Juu ya tope lile alikuwa akiujua kila mzizi, mahali pa kunyonga na mahali pa kuachia. Langoni Njue aliisoma fomu yote, akaulinganisha muhuri na picha ya muhuri aliyopewa, akapiga saluti, akaandika lori moja, kwa kibali. Ruguru hakusimama kumsikiliza. Saa mbili kasoro dakika nne mtungi ulipimwa, ukanuswa, ukapita. Karani wa maziwa alitia alama kwenye jina lake, kwa wino wa bluu.

Alirudi bondeni kama alivyosema.

Walipotokea langoni ilikuwa yapata saa tatu. Wajerumani wawili, mume na mke wenye nywele nyeupe na makoti ya mvua, walikuwa wamekaa juu ya changarawe karibu na mbuzi, wakila nduma za kuchemsha za Njue. Walikuwa wamefika saa mbili kasoro dakika moja. Kwa kuwa hapakuwa na mtu mwingine wa kuwapokea, Njue alikuwa amewaonyesha kazi yake, na mkalimani wao alikuwa amewasomea daftari lote, sifuri themanini na tisa, kwa sauti. Waliguswa. Halafu wakafika ukurasa wa mwisho, na hapo mkalimani alisoma, akarudi nyuma, akasoma tena: macho matatu yameingia, halijatoka hata moja.

Ndipo Bwana Kivuti alipofika, amefungwa kiunoni kwa mpira wa tyubu, mguu mmoja umenyooshwa mbele kama bunduki, tope mpaka kwenye nyusi. Alianza pale pale, kutoka kwenye keria, kuwakaribisha wageni kwa niaba ya Mamlaka.

"Ngoja, mkubwa," alisema Njue. "Bado hujaandikwa." Akamgeukia Ruguru. "Mzigo gani?"

"Namba tatu."

Njue alitafuta kwenye fomu, akapata. "Uzito?"

"Unazidi chupa ya maji."

Aliandika, akachora mkia, akainua kizuizi.

Cheti hakikutolewa. Wajerumani walisema kwa adabu kwamba wangependa kuhesabu upya siku tisini, kuanzia siku magari yatakapotoka. Magari hayajatoka. Kuyavuta kunataka trekta, na trekta ni gari, na Njue hatetereki. Mamlaka imeunda kamati ndogo. Njia ina shughuli tele siku hizi: mitungi ya maziwa, wa Mama Veronicah ukiwemo, viazi, majani ya ng'ombe, na kila anayeteremka hurudi juu na kikapu cha changarawe kwenye keria, kwa hivyo ule mpando mbaya wa bondeni sasa umeshika, hautelezi tena. Kwaya imepata tena sauti ya tatu. Kanga wa msituni wanataga kwenye gari la hema.

Kila Ijumaa Mkurugenzi huja kukagua magari yake, kama sheria inavyotaka. Husimama langoni na muhuri wake mfukoni, kando ya mbuzi, akingoja keria. Ruguru humpeleka na kumrudisha bila kinyongo, na humfunga vizuri asianguke. Lakini ni lazima angoje, maana yeye ni namba tatu, na kuna msimu viazi ni vingi.